Jinsi ya kufundisha kazi ya astrosaiti na maharagwe, gazeti na vifuniko vya soda

Hii kitu nimeifanya Jumamosi nyingi hapa Migosi, Kisumu, kwa sebule yangu, na wanafunzi wa unesi na wa utabibu wenye hukuja diskasheni, kwa hivyo naandika nikijua mahali inakwamanga na mahali inashika. Kama uko na grupu yako Kakamega ama Nakuru chukueni muifanye, haitaki projekta wala stima, inataka nusu kilo ya maharagwe na watu sita ama saba wenye wako tayari kukaa chini kwa mkeka saa moja na nusu.

Topiki yenyewe ni vile astrosaiti, aina moja ya seli za ubongo, zinasimamia kemikali zenye nyuroni, zile seli za kupitisha ujumbe, hutumia kuongea. Mimi nikiwa chuo nilifundishwa hii yote kwa mstari mmoja, "astrosaiti ni seli za kushikilia nyuroni," mwalimu akafungua ukurasa mwingine, na sisi tukaandika hivyo kwa mtihani tukapewa maksi. Na si yeye pekee, hayo mawazo ni ya kitambo, Rudolf Virchow kule Ujerumani mwaka wa 1856 aliita hivi vitu vya katikati ya nyuroni kwa neno la Kigiriki lenye maana yake ni gundi, na jina likabaki mpaka leo, glia, na astrosaiti ni aina moja ya hizo glia. Sasa mtu akishasikia gundi anawaza kitu imekaa tu imeshika zingine, na hapo ndio mwanafunzi anapotelea.

Kwa hivyo usianze na umbo la nyota. Watu wengi huanzia hapo, ati astro ni nyota kwa Kigiriki, mchoro mzuri, matawi mengi, dakika kumi zimeisha na hakuna mtu anajua hiyo nyota inafanya kazi gani. Anza na swali: ujumbe ukishafika, ile kemikali iliyouleta inaenda wapi? Wape muda wajibu. Kwangu karibu wote hunyamaza, halafu mmoja anasema polepole, inaisha. Haiishi. Akishasema hivyo mko tayari kumwaga maharagwe.

Vitu vya kutafuta

Nusu kilo ya rosekoko, juu ni kubwa na inaonekana vizuri. Hayo ndio glutameti, ile kemikali nyuroni nyingi za ubongo hutumia kuamsha wenzake. Vifuniko vya soda kama mia hivi, mwachie mtu wa duka lenye friji mfuko siku mbili tatu atakuwekea, hivyo ni sodiamu. Mahindi makavu kikombe kimoja, hiyo ni potasiamu. Viberiti viwili, njiti ni ATP, yaani nguvu yenye seli inatumia, na kila mahali nikisema "lipa" maanake unavunja njiti moja unaitupa kando, imeenda. Gazeti la zamani ulikate vipande vya ukubwa wa kiganja, hiyo ni amonia, na usiwaambie mapema. Vikombe vya plastiki sita, bakuli moja, na leso. Leso isiwe na maua mengi, mara ya kwanza mimi nilitandika yenye maua mekundu na maharagwe yakapotelea humo, tukahesabu vibaya raundi nzima tukaanza upya.

Leso inatandikwa katikati. Hiyo ndio ule mwanya wa sinapsi, yaani mahali nyuroni moja inapitishia nyingine ujumbe, na waambie upana wake wa kweli, karibu nanomita 20, yaani chukua milimita moja ya rula uigawe mara elfu hamsini. Upande huu anakaa mtumaji na maharagwe yake, upande ule mpokeaji, na pembeni, mahali mkono wake unafika kote, anakaa astrosaiti na bakuli. Vitabu vya zamani vilikuwa vinachora wawili tu, ni mwaka wa 1999 watafiti walianza kuiita sinapsi ya pande tatu. Nyuma ya astrosaiti keti watu wawili, ni astrosaiti za jirani, kazi yao itakuja. Mtu mmoja ashike kalamu. Halafu mwaga vifuniko kama sitini juu ya leso, ndani ya bakuli weka vitatu vinne tu, juu sodiamu ni nyingi nje ya seli na ndani ni kidogo. Mahindi ni kinyume, yote yaingie kwa bakuli, kwa leso ubakishe punje tatu.

Raundi ya kwanza, bila kuokota

Mpe mtumaji karatasi yenye nambari tatu za siri, 3, 2, 4. Huo ndio ujumbe. Anarusha maharagwe matatu, mpokeaji anasema kwa sauti vile anaona kwa leso, "tatu." Anarusha mawili. Mpokeaji anasema "tano." Anarusha manne, "tisa." Mwenye kalamu anaandika kwa safu mbili, ilitumwa 3, 2, 4, ilisomwa 3, 5, 9. Astrosaiti muda huo wote amekunja mikono, amekatazwa kugusa kitu.

Nyamaza hapo kidogo na wewe usieleze. Kuna dada mmoja wa mwaka wa pili aliangalia hiyo karatasi akasema, "Madam, kwani huyu wa pili anasikia kelele tu?" Ndio hivyo. Mtumaji hajakosea hata mara moja, mpokeaji hana shida ya macho, na bado ujumbe umeharibika, kwa sababu hakuna mtu ameondoa neno la kwanza kabla ya neno la pili kuingia. Ukitaka mtu ashike kitu moja tu siku hiyo, ashike hii.

Na si kuchanganyikiwa peke yake. Glutameti ikikaa sana juu ya vipokezi, zile protini za mpokeaji za kuishika, inaendelea kumfungulia mpokeaji milango, kalisiamu inaingia inaingia, na ikizidi ile nyuroni inakufa, imeamshwa mpaka imekufa. Waambie hivyo wazi, watakutana nayo wodini.

Raundi ya pili, funika kwanza ubebe baadaye

Sasa astrosaiti anaingia kazini, na hapa walimu wengi huharibu, wanamwacha aokote moja moja kwa vidole. Haiendi hivyo. Protini zenye hubeba glutameti, ile kubwa inaitwa EAAT2 kwa binadamu, kwa panya GLT-1, kila moja ni pole sana, kuvusha molekuli moja inachukua makumi ya milisekunde, na ujumbe wenyewe unapita kwa milisekunde moja hivi. Sasa mbona haichelewi? Juu ziko nyingi mno, zimejaa kwa ngozi ya astrosaiti, na kushika ni haraka hata kama kubeba ni pole. Kwa hivyo mpe astrosaiti vikombe sita, maharagwe yakianguka tu mpokeaji asome nambari na astrosaiti afunike papo hapo, kofi kofi kofi, halafu ndio aanze kuyatoa chini ya kikombe moja moja aweke kwa bakuli. Ikifunikwa imeshatoka kwa hesabu. Mengine kwa ubongo wa kweli hutawanyika yenyewe pembeni, sema hilo pia usiwafiche, lakini yakitawanyika bado yanakutana na astrosaiti huko mbele.

Rudieni 3, 2, 4. Safari hii inasomwa 3, 2, 4. Huwa wanapiga makofi wenyewe.

Gharama yake

Hii raundi ndio napenda kuliko zote na ndio nakaa nayo sana. Mpaka hapa astrosaiti ameokota bure, na hakuna kitu cha bure kwa ubongo, uzito wake ni kama asilimia 2 ya mwili lakini unakula kama asilimia 20 ya nguvu. Kwa hivyo weka sheria. Kila haragwe likiingia kwa bakuli, vifuniko vitatu vinaingia nalo na punje moja ya mahindi inatoka. Hiyo ni hesabu ya kweli, sodiamu tatu ndani, potasiamu moja nje, na kuna haidrojeni moja pia inaingia lakini mimi huiacha nje ya mchezo vitu visiwe vingi. Sodiamu ndio inasukuma. Kwa sababu imejaa nje inataka kuingia, na glutameti inadandia hapo.

Sasa bakuli linaanza kujaa vifuniko, na likijaa hakuna tena msukumo, kwa hivyo lazima vitolewe. Lipa njiti moja, toa vifuniko vitatu, rudisha punje mbili. Hiyo ni pampu ya sodiamu na potasiamu, ile ile walisoma sekondari wakaisahau. Chezeni na 3, 2, 4 tena mwone astrosaiti akivunja njiti, tisa zinaenda kwa kuokota tu.

Halafu, katikati ya mchezo, nyanganya astrosaiti kiberiti. Usiseme kitu. Mtumaji aendelee kurusha. Vifuniko vinajaa, hana cha kulipa, maharagwe yanabaki juu ya leso, na mpokeaji anaanza kuhesabu nane, kumi na moja, kumi na tano. Bakuli likifika vifuniko thelathini sema sheria imegeuka, kila vifuniko vitatu vikitoka, haragwe moja linatoka navyo. Wanaona bakuli likimwaga tena kile lilichookota. Huo ni kiharusi. Damu imezuiwa, oksijeni hakuna, ATP inaisha kwa dakika, na zile mashine za kubeba glutameti, za nyuroni na za astrosaiti, zinaweza kuanza kwenda kinyume. Ndio maana mtu akiletwa na mdomo umepinda na mkono mmoja haushiki hatuambiwi tungoje mpaka asubuhi. Kuna wanafunzi wameniambia baada ya hii raundi ndio waliacha kukariri dakika za kiharusi wakaanza kuzielewa.

Kisu ndani ya gazeti

Rudisha kiberiti. Uliza swali la pili: astrosaiti ako na maharagwe yote na mtumaji ameishiwa, atayarudisha aje? Mtu atasema amrushie tu. Mwache arushe. Yanapitia wapi? Kwa leso ile ile, na mpokeaji akiyaona anahesabu, "tatu!" na hakuna mtu ametuma kitu.

Hapo mimi huwaambia wafikirie Kibuye siku ya soko. Kuna wale wazee wa kunoa visu, ako na ile baiskeli ya kukanyaga na jiwe la kuzunguka, mama wa samaki anampa kisu, yeye anakilaza kwa jiwe, cheche zinatoka, anageuza upande wa pili, anamwagia maji kidogo, halafu anajaribu makali kwa ukucha wa kidole gumba, anavuta polepole, kikishika ukucha kimeiva. Sasa angalia vile anafanya kabla ya kukirudisha. Anachukua gazeti, anakunja mara mbili kuzungusha makali, ncha anaikunjia ndani, ndio anampa mama kwa upande wa mpini. Na mama anapita nacho katikati ya watu wote wale, mikokoteni, watoto, watu wa mitumba, na hakuna mtu anakatwa. Akifika kwa meza yake ya samaki anafungua gazeti na kisu ni kile kile, kikali vile vile.

Glutameti ni hicho kisu. Astrosaiti inakifunga na amonia, inakuwa glutamini, kitu yenye vipokezi vya nyuroni havitambui. Kwa hivyo wape vipande vya gazeti sasa na uwaambie ndio amonia. Kila haragwe, lipa njiti moja, funga kwa gazeti, pitisha juu ya leso mpaka kwa mtumaji. Mpokeaji haruhusiwi kuhesabu kilichofungwa. Mtumaji anafungua, haragwe anaweka kwa akiba yake, gazeti anamrudishia astrosaiti, maana ile amonia pia lazima irudi. Enzaimu ya kufunga inaitwa glutamini sinthetasi na kwa ubongo inakaa hasa ndani ya astrosaiti, hiyo ilionyeshwa mwaka wa 1977. Nyuroni ziko na ya kufungua, glutaminasi. Nyuroni peke yake haiwezi kuzungusha hii kazi, inategemea jirani. Njiti ya kuokota na njiti ya kufunga, mbili kwa kila haragwe, waambie wazidishe wenyewe na ujumbe wa siku nzima.

Amonia ikizidi

Hii raundi naifanya kwa sababu ya mjomba wangu wa Siaya. Ini lake lilikuwa limeharibika, pombe alikuwa ameacha miaka mitatu, na siku moja akaanza kulala mchana kutwa na usiku anazunguka boma. Alimwita anti kwa jina la dada yake mwenye alishakufa. Ukimwambia anyooshe mikono mbele, viganja vilikuwa vinapepea, vinaanguka vinainuka, kama ndege mwenye anataka kutua. Watu wa nyumbani walisema amerudia chang'aa, na mimi mwaka wa pili wa masomo nilisimama pale nikaamini hivyo, nikamsemea maneno. Hospitali ya kwanza nao waliandika mlevi, wakamrudisha. Ya pili kuna nesi aliuliza swali moja tu, ni lini mzee aliendea choo. Siku tano. Wakamwanzishia laktulosi, dawa ya kulainisha choo, na siku ya tatu akauliza kama ng'ombe wamepewa maji.

Sasa fanya hivi. Ini ndio hutoa amonia kwa damu, likishindwa inapanda mpaka kwa ubongo, na ubongo hauna njia kubwa nyingine ya kuiondoa isipokuwa ile ile ya astrosaiti ya kufunga. Chukua magazeti yote yaliyobaki, mrundikie astrosaiti kwa mapaja, umwambie kila kipande lazima kifungwe na haragwe na kikae kwake. Muache afunge. Baada ya dakika mbili ako na mzigo wa glutamini kwa mapaja, hawezi kufikia vikombe, mtumaji anarusha na yeye hajafunika. Kwa seli ya kweli ile glutamini inavuta maji, astrosaiti inavimba. Ini likikataa ghafla huo uvimbe unaweza kuua mtu, na kwa ini la pole pole kama la mjomba, kuvimba ni kidogo lakini kazi ya kusafisha ujumbe imeshavurugika, ndio unaona usingizi umegeuka, majina yamechanganyika, mikono inapepea. Laktulosi inafanya kazi tumboni, inageuza utumbo uwe na asidi, amonia inanaswa huko na inatoka na choo. Kukosa choo, kutapika damu, infeksheni, hivyo ndio vitu vya kuuliza familia. Tafadhali waulizeni kabla ya kuandika mlevi.

Raundi ya mahindi, watu wakishikana mikono

Hii ni fupi. Nyuroni kila ikipiga inatoa potasiamu nje. Kwa hivyo mpokeaji kila akisema nambari anaweka punje tatu kwa leso. Mlianza na tatu, na hiyo si nambari ya kubahatisha, potasiamu nje ya seli za ubongo ni kama milimola 3 kwa lita. Zikifika 12 mpokeaji anaanza kupiga kelele hata bila haragwe, na wakati wa kifafa inaweza kupanda mpaka hapo, 10 hadi 12. Astrosaiti anaokota mahindi anapitisha kwa jirani nyuma, jirani kwa mwenzake, mpaka yanafika mahali kumetulia. Hao watatu washikane mikono ya kushoto muda wote, kwa sababu astrosaiti za kweli zimeunganishwa na vitundu vya protini inaitwa koneksini, kitu kikiingia moja kinaweza kupita mpaka ya tatu. Wazo la kusambaza potasiamu hivi lilitoka kwa kazi ya Orkand, Nicholls na Kuffler mwaka wa 1966. Halafu waachanishe mikono, mwone mahindi yanarundikana.

Mkichoka wekeni chai

Chai yenyewe ni somo. ATP ikitoka nje ya seli, na astrosaiti ni moja ya zenye huitoa, inavunjwa pale nje inakuwa adenosini, na adenosini inakaa kwa vipokezi vya mtumaji inamwambia apunguze. Kwa mchezo, astrosaiti anaweka njiti nzima kwa leso na mtumaji akiiona arushe nusu. Kafeini inakaa kwa kile kiti cha adenosini bila kusema kitu, kwa hivyo ule ujumbe wa "punguza" haufiki. Wakiwa wameshika kikombe mkononi hiyo huingia bila shida.

Hapa lakini uwe mkweli na wao. Kusafisha glutameti na potasiamu ni mambo yenye hayana ubishi mkubwa. Lakini astrosaiti kutoa kemikali zake yenyewe ili kuongea na nyuroni, hapo watafiti bado wanavutana. Mwaka wa 1990 ilionekana kwa seli za maabara ukiweka glutameti, kalisiamu inapanda ndani ya astrosaiti na kusambaa kama wimbi, kutoka seli moja hadi nyingine, na watu wakafurahi sana. Baadaye kuna panya waliondolewa njia kubwa ya hilo wimbi na sinapsi zao kwa majaribio kadhaa zikaendelea kama kawaida. Tena D-serini, kemikali nyingine ya ujumbe, kwa miaka ilisemwa ni ya astrosaiti, siku hizi kuna ushahidi mzuri kuwa nyuroni ndio zinaitengeneza zaidi. Mwanafunzi akijua mahali ubishi uko hatatikiswa akikuta kitabu kimoja kinasema hivi na kingine vile.

Kuna maswali huwa hayakosi. Moja, glutameti si ile ya viungo vya mchuzi? Ni ile ile, iko hata kwa nyanya zilizoiva, lakini ya chakula nyingi hutumiwa na utumbo wenyewe na kizuizi cha damu na ubongo hakiipitishi kirahisi. Lingine ni ati glia ni mara kumi ya nyuroni. Hiyo ni ya kitambo, hesabu ya mwaka wa 2009 ilipata nyuroni karibu bilioni 86 na seli zingine karibu idadi hiyo hiyo. Na je, kila sinapsi iko na astrosaiti pembeni? Hapana, zingine hazijafunikwa. Lakini astrosaiti moja ya binadamu inakadiriwa inaweza kugusa sinapsi mpaka milioni mbili, ya panya kama laki moja hivi, na hapo ndio napenda kuonyesha ule mchoro wa nyota, saa hii wanauangalia wakijua kila tawi linaenda kufunika nini.

GABA, ile ya kutuliza, pia astrosaiti huiokota, tumieni njugu siku nyingine, msiichanganye na hii mtachoka.

Kabla hawajaenda mpe kila mtu karatasi aandike kazi ya astrosaiti kwa mistari minne, na neno "kushikilia" limekatazwa. Soma hapo hapo. Mwenye ameandika "inaondoa" ameshika, mwenye ameandika "inasaidia" peke yake muulize inasaidia kufanya nini mpaka aseme. Halafu wote wainame waokote, maharagwe yaliyokanyagwa usipike, yatupe, mahindi mpe kuku, na vifuniko vihesabiwe kabla mtu hajatoka kwa mlango, kama nyumba iko na mtoto wa kutambaa kimoja kikibaki chini ya kiti atakiweka mdomoni.